Ziwa linakosa pumzi, wao wanamfunga mvuvi

Ndugu zetu, dada zetu, vijana wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, na ninyi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi mnaokula ndakala bila kuuliza imetoka wapi: leo hatusemi juu ya uchaguzi, wala barabara, wala umeme. Leo tunasema juu ya samaki. Mtu asicheke. Samaki ni siasa.

Kila mwaka tunasikia maneno yaleyale. Samaki imepungua mu Tanganyika, bei imepanda, kikombe cha ndakala kimekuwa kidogo na kitako chake kimekuwa kinene. Kiisha mkubwa mmoja anasimama mbele ya mikro na kusema mwenye kosa amepatikana: ni mvuvi. Nyavu zake ni za macho madogo. Taa zake ni nyingi. Anavua hadi watoto wa samaki, hafikiri kesho. Wanatumwa watu wa kukamata nyavu. Nyavu zinachomwa moto, picha inapigwa, faini inalipwa, na sisi wote tunajua kwamba risiti haitoki kila mara. Mvuvi anarudi nyumbani mikono mitupu. Ripoti inaandikwa kwamba ziwa limelindwa.

Sisi tunasema huo ni uongo wa nusu. Na uongo wa nusu unashinda uongo mzima kwa ubaya, juu ukitaka kuukataa wanakuonyesha ile nusu ya kweli.

Nusu ya kweli ni hii: ndiyo, nyavu mbaya ziko. Ndiyo, kuna watu wanavua na chandarua waliyopewa ya kujikinga malaria. Hatuwatetei. Lakini hata tukichoma nyavu zote mbaya leo jioni, samaki haitarudi kesho sawa vile ilikuwa wakati wa babu zetu. Sababu ziwa lenyewe limebadilika. Limepata joto. Na lile joto, hakuna mvuvi wa Uvira aliyeliwasha.

ZIWA LINAPUMUA NAMNA GANI

Tuelewane kwanza, bila maneno makubwa. Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 670. Kina chake kinafika karibu metre 1,470. Duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolipita. Karibu asilimia 17 ya maji matamu yaliyo juu ya ardhi, ukiacha barafu, yamo humo. Lina umri wa miaka milioni kama 10. Ukisikia hivyo unafikiri: ziwa kubwa namna hii, nani ataliweza?

Lakini ule ukubwa unadanganya. Ukishuka metre 100 upande wa kaskazini, au karibu 200 upande wa kusini, hewa ya kupumua inaisha ndani ya maji. Huko chini ni giza na maji yasiyo na pumzi. Samaki hakai. Kumbe uhai wote wa Tanganyika uko juu juu, kama utando wa maziwa juu ya sufuria.

Na chakula kiko wapi? Kiko chini. Kila kitu kinachokufa ndani ya ziwa kinazama na kwenda kulala kule, na mbolea yake inabaki kule. Ili ipande juu inahitaji mtu wa kukoroga. Huyo mkorogaji ni upepo. Kila kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya baridi yenye mbolea yanapanda kuchukua nafasi yake. Mimea midogo sana, ile jicho halioni, inaanza kuota. Vidudu vidogo vinaila. Ndakala inakula vidudu. Mikeke na sangala zinakula ndakala. Sisi tunakula zote.

Mama yeyote anayepika maharagi anaelewa. Usipokoroga, mazito yanalala chini na juu kunabaki maji matupu. Sasa ongeza hili: maji yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi na hayataki kuchanganyika. Maji ya juu yakizidi kuwa na joto, upepo uleule unashindwa kukoroga. Mwiko ni uleule, sufuria imekuwa nzito. Mbolea inabaki chini, na ndakala juu inakosa kula.

Hii si hadithi ya watu wa miradi. Ziwa hili linapimwa tangu zamani. Daktari Mbelgiji Louis Stappers alipita hapa miaka ya 1912 na 1913, na mikeke mnayochoma na ndizi inabeba jina lake mu vitabu vya sayansi: Lates stappersii. Vipimo vya wakati ule vilipolinganishwa na vya sasa, ilionekana wazi kwamba maji yamepata joto. Mwaka 2003 wataalamu waliandika mu jarida la Nature kwamba ile mimea midogo, mwanzo wa chakula chote, imepungua karibu asilimia 20, na kwamba hiyo inaweza kuleta upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Mwaka 2010 wengine walisoma matope ya chini ya ziwa, ambayo yanatunza kumbukumbu kama daftari, wakaona kwamba joto la karne iliyopita halijaonekana mu ziwa hili kwa miaka 1,500.

Kiisha ikaja kazi ya mwaka 2016, na hiyo njo tunaomba kila kijana aikumbuke siku atakapomsikia mkubwa akimtukana mvuvi. Wataalamu walichimbua tena matope na kuhesabu mabaki ya samaki na konokono, tabaka kwa tabaka. Waliona nini? Samaki ilianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza mu ziwa katikati ya karne iliyopita. Tena waliona kwamba eneo la chini lenye hewa, pale konokono, kaa na samaki wa mawe wanapoishi, limepungua kwa asilimia 38 katika sehemu walizopima.

Asilimia 38. Ni kama una nyumba ya vyumba vitano, mtu anakuja kufunga viwili na ufunguo anaondoka nao.

WASIO NA PA KUKIMBILIA

Mtu atasema: samaki ina mapezi, ihame. Ihame iende wapi?

Mu Tanganyika kuna aina zaidi ya 200 za samaki wadogo wa mawe na mchanga, wale wa rangi ambao Wazungu wanawafuga mu vioo sebuleni. Karibu zote haziko mahali pengine duniani. Ni hapa tu. Konokono wengi pia ni wa hapa tu. Mungu, au miaka milioni 10, mchague wenyewe, aliwatengenezea nyumba moja. Hawawezi kushuka, chini hakuna pumzi. Hawawezi kuhamia ziwa lingine, barabara ya samaki haiko. Na huku juu, ukingoni, wanakutana na shida ya pili: matope.

Milima ya juu ya Uvira imenyolewa. Miti imekuwa makala, makala imekuwa bugali ya jioni. Mvua kubwa ikipiga, udongo unashuka wote na mito mpaka ziwani, unafunika mawe ambako samaki wanataga na kula. Kwa hiyo joto linawabana kutoka chini, matope yanawabana kutoka juu.

Na sisi? Sisi pia ni viumbe wa ziwa hili, tusijidanganye na simu zetu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na kupita katikati ya Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilikwenda, makumi ya maelfu walibaki bila pa kulala. Miaka ile ile ziwa lilianza kupanda, na mwaka 2024 maji yakaingia tena mu nyumba na barabara za Uvira na Kalemie. Ziwa lote lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Maji yakizidi, hayana njia nyingine. Yanaingia kwako.

Hatusemi kila mvua ni mabadiliko ya hali ya hewa. Anayesema hivyo naye anadanganya. Mji uliojengwa mu bonde la mto bila mtu wa Leta kusema neno, huo ni uzembe, si klima. Tunasema hivi: dunia inayopata joto inaleta mvua kali zaidi, na mvua kali ikimkuta mtu juu ya mlima ulionyolewa, mu mji usio na mifereji, inaua. Joto linatoka mbali. Kifo kinatengenezwa hapa.

Ninyi wa Goma na Bukavu msiseme hii ni shida ya watu wa Uvira. Sambaza mnayonunua Kituku haikuwa samaki ya Kivu. Ililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Mtoto wa ziwa hili njo anawalisha.

UONGO WA PILI

Sasa kuna mkubwa mwingine, huyu amesoma. Hamtukani mvuvi. Anatingisha kichwa na kusema: "Vijana, ni klima. Ni Wazungu na Wachina. Sisi tutafanya nini?" Anaongeza kwamba tuombe Mungu.

Huyu ni hatari kuliko wa kwanza. Sababu anatumia ukweli kama mto wa kulalia.

Ndiyo, ni kweli. Afrika nzima inatoa sehemu ndogo sana ya moshi unaopasha dunia joto, na Kongo ndani ya hiyo ni kama tone. Waliowasha moto si sisi, na lazima walipe. Lakini tuangalie mikono ya wakubwa wetu wenyewe ilifanya nini wakati midomo ilikuwa inalia.

Novemba 2021, Glasgow: Kongo inasimama mbele ya dunia kama nchi-suluhisho. Tuna misitu. Tuna udongo wa mboji wa bonde la kati, ambao pamoja na wa ndugu zetu wa Brazzaville unatunza tani kama bilioni 30 za kaboni. Makofi yanapigwa.

Julai 2022, Kinshasa: serikali ileile inafungua mnada wa bloki 27 za petroli na 3 za gazi. Kati ya zile 27, 11 ziko mu bonde la Tanganyika. Kumi na moja. Zingine zilikuwa juu ya ile ile mboji waliyopigiwa makofi.

Oktoba 2022, Kinshasa tena: tunapokea wageni wa mkutano wa kutayarisha COP27. Hotuba ni misitu, mabango ni misitu, suti mpya. Mnada unaendelea.

Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Wengi tulifurahi. Lakini someni sababu waliyotoa: kasoro katika maombi ya makampuni, kuchelewa, ushindani mdogo. Kwa maneno mengine, wanunuzi hawakufaa. Hakuna aliyesema ziwa haliuzwi. Kilichofutwa kwa kukosa mnunuzi kinarudi siku mnunuzi anapopatikana.

Tufikiri pamoja. Maji ya Tanganyika hayatoki haraka. Sehemu kubwa inapanda mbinguni kama mvuke, kidogo tu kinapita Lukuga. Tone moja linaweza kukaa humo karne nyingi. Mvuke unapanda, uchafu unabaki. Petroli ikimwagika mu bahari kuna mawimbi na ukubwa wa kuisambaza. Ikimwagika hapa, wajukuu wa wajukuu wetu wataikuta. Na ile isiyomwagika itachomwa, itaongeza joto lilelile linalozuia ziwa kukorogwa. Kuchimba petroli chini ya ziwa linaloumwa joto ni kumchukua mgonjwa wa homa, kumfunika blanketi tatu, na kumwashia makala chini ya kitanda.

"LAKINI TUNAHITAJI MAKUTA"

Tunajua swali linakuja, na ni swali la haki. Wazungu walichimba, walitajirika, leo wanatuambia tusichimbe? Vijana hawana kazi, petroli italeta kazi!

Anayeandika hapa ni shomeri. Nina diploma ya inivasite, iko mu bahasha ya plastiki ili panya wasiile. Nimeandika barua za kuomba kazi mpaka nikajua bei ya karatasi kila duka. Kwa hiyo mtu asinifundishe maana ya kukosa kazi. Nasema tu: petroli inatoka Muanda, kule mwambao wa Kongo ya magharibi, tangu miaka ya 1970. Karibu nusu karne. Waulizeni vijana wa Muanda kama shomage iliisha. Waulizeni kama barabara zao ni za lami. Utajiri wa chini ya ardhi tunao toka zamani: kobalti, dhahabu, koltani. Kama kuchimba peke yake kungekuwa kunaleta kazi, Kongo ingekuwa inaajiri dunia nzima.

Na kazi iliyopo, kwa nini hatuihesabu? Ziwa hili linalisha watu zaidi ya milioni 10 mu nchi nne. Mvuvi. Fundi wa mitumbwi. Kijana wa kutengeneza taa. Mama wa kuanika ndakala juu ya mchanga. Dereva wa kuipandisha Bukavu. Muuza chumvi. Mwenye motari anayebeba magunia kutoka pwani. Hao wote mu makaratasi ya Leta hawana "ajira". Lakini wengi wetu tuliosoma, minervali yetu ililipwa na hao. Mimi nilisomeshwa na ndakala. Mama aliuza kikombe kwa kikombe mpaka nikavaa toge. Siku mtu ananiambia petroli italeta maendeleo, nauliza: unataka kuua kazi elfu ngapi ili uanzishe mia ngapi? Na zile mia atapewa nani, mtoto wa Baraka au shemeji ya mkubwa?

Tena kuna jambo la sahani. Mu nyumba nyingi za kando ya ziwa nyama ni ya Krismasi. Mtoto anakua kwa ndakala na bugali. Ndakala ikiondoka, hainunuliwi kitu kingine. Inabaki bugali na sombe, na baada ya miezi mnaona nywele za mtoto zinageuka rangi. Utapiamlo hauandikwi mu ripoti ya petroli.

KUFUNGA ZIWA: NANI ANALIPA?

Tufike kwenye neno gumu. Nchi nne za ziwa, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zina mkataba tangu 2003 na ofisi ya pamoja Bujumbura. Ziko na mpango wa kupumzisha ziwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024.

Sisi hatukatai ziwa lipumzike. Tunasema wazi, hata kama wavuvi wengine watatukasirikia: samaki wanahitaji pumziko, hasa sasa ambapo joto limewadhoofisha. Ziwa lenye nguvu linaweza kuvumilia nyavu nyingi. Ziwa linalokosa pumzi haliwezi. Kwa hiyo hoja ya "ni joto, tuacheni tuvue tunavyotaka" nayo hatuikubali. Joto linatulazimisha kuwa waangalifu zaidi, si kidogo.

Lakini kufunga ziwa bila kufungua sahani ni jeuri. Miezi mitatu mvuvi atakula nini? Minervali ya mwisho wa mwaka atailipa na nini? Deni la nyavu litamngoja? Mtu mwenye njaa anarudi ziwani usiku, anakamatwa, anaitwa mharibifu wa mazingira na mtu anayetembea na gari mbili za mafuta. Tunaomba jaribio dogo: depite mmoja, minista mmoja, gavana mmoja, afunge mshahara wake kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Tuone atafika Julai.

Na zile nyavu mbaya, tuulize ukweli. Nyavu hazizaliwi mu ziwa. Zinapita mpakani, zinalipiwa duane, zinawekwa mu duka, zinauzwa mchana kweupe. Mwenye kuziingiza ana jina, ana ghala. Kwa nini moto unawashwa kila mara pwani, na siku hata moja haujawashwa mbele ya ghala?

TUNATAKA NINI

Sheria iko upande wetu. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila Mkongomani haki ya mazingira yenye afya na wajibu wa kuyalinda. Kifungu cha 54 kinasema uharibifu unaotokana na biashara lazima ulipwe. Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa madhara kabla ya mradi kuanza. Hatuombi zawadi. Tunadai kilichoandikwa.

1. Bonde la Tanganyika litolewe kabisa mu ramani ya petroli. Si kufuta mnada, ni kufuta bloki. Kwa maandishi, na bunge lipige kura mbele ya macho yetu.

2. Hakuna kufunga ziwa bila chakula au makuta kwa wavuvi na kwa akina mama wauzaji. Orodha isomwe pwani, mbele ya watu, ili majina ya hewa yaonekane.

3. Dunia ilikubali mwaka 2022, Sharm el-Sheikh, kuwa na mfuko wa kulipa hasara za klima kwa nchi zilizoumia, na mwaka 2023, Dubai, mfuko ukaanzishwa. Serikali itangaze: imeomba nini kwa ajili ya Uvira, Fizi, Kalemie na Moba? Kama imeomba, karatasi iko wapi? Kama haijaomba, mikutano yote ile walikwenda kufanya nini?

4. Kituo cha utafiti wa maji cha Uvira, CRH, kipewe mashua, mafuta na vyombo vya kupima joto, hewa na samaki. Matokeo yasomwe kila mwezi mu redio, kwa Kiswahili. Mvuvi ana haki ya kujua ziwa lake linaumwa nini, kama vile mgonjwa ana haki ya kusoma karatasi yake ya hospitali.

5. Milima irudishiwe miti, na watu wapewe njia nyingine ya kupika. Kukataza makala bila umeme wala gazi ni kumwambia mama asipike.

6. Nyavu haramu zikamatwe kuanzia duane na ghala. Pwani ije mwisho.

NA WEWE KIJANA?

Usiweke "like" na kupita. Kuna kazi ndogo ambazo hazihitaji diploma wala mradi. Piga picha ya mahali maji yamefika mu kartie yako, andika tarehe. Andika bei ya kikombe cha ndakala kila Jumamosi mu daftari. Mwaka mmoja wa bei hizo ni ushahidi ambao hakuna depite atakayeupinga. Keti na wazee wavuvi, uliza samaki gani waliijua na leo haiko, andika majina yake kabla wazee hawajaondoka nayo. Depite wako akirudi likizo, mwulize swali moja tu, mbele ya watu: bloki kumi na moja, ulisema nini siku ile? Ukimya wake urekodi.

Yote kwa amani. Hatuchomi kitu, hatutupi jiwe. Walio na kitu cha kuficha wanaogopa daftari kuliko jiwe.

Waliotutangulia walituachia ziwa lenye miaka milioni 10. Halikuombwa mkopo, halikujengwa na mradi, halina bango la mfadhili. Limelisha watu wakati wa ukoloni, wakati wa vita, wakati Leta ilikuwepo na wakati haikuwepo. Leo linaumwa joto ambalo halikulitafuta, na lina watu wawili pembeni ya kitanda: mmoja anampiga mvuvi, mwingine anatafuta mnunuzi wa maiti.

Sisi ni watu wa tatu. Tusiondoke hapo pembeni.